Prosesa Inapoaga: Historia ya Kosa Linalotokea Kati ya Kuangalia na Kutenda

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa karibu wiki tatu. Wasomaji wangu wachache mlishaanza kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Hakuna kati ya hayo. Nilikuwa nasoma, na kilichonisukuma kusoma ni hasara.

Mwezi uliopita nilikuwa Morogoro vijijini, kwa mama mmoja mjane ambaye shemeji zake wamemnyang'anya shamba. Alizungumza kwa saa mbili bila kusita. Mimi, kijana wa kisasa, sikubeba daftari. Niliandika moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ile kuukuu niliyonunua mtumba na kuwekewa Linux na rafiki. Tulipomaliza nikashusha kifuniko ili mashine ilale, nikapanda basi. Tulipofika Chalinze nikainua kifuniko niendelee kuandika. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Nikabonyeza kila kitu cha kubonyezwa. Mwisho nikaizima kwa nguvu, na saa mbili za yule mama zikaenda na maji, kwa sababu sikuwa nimehifadhi hata ukurasa mmoja. Wataalamu mtanicheka. Chekeni tu.

Nilimpigia mama simu kumwomba turudie. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, yale niliyasema siku ile kwa sababu yalikuwa yamenifika hapa. Siwezi kuyasema tena kama yale."

Nikaipeleka mashine kwa kaka mmoja fundi, Kariakoo. Akaigeuza, akaniambia: "Dogo, kompyuta ikigoma kuamka sababu zinaweza kuwa kumi. Ila unajua kwamba kabla ya kulala inazizima prosesa zake zote na kubakiza moja? Na kuzima prosesa wakati mashine inatembea ni moja ya kazi zilizowatesa sana hao jamaa wa Linux." Sikujua. Digrii yangu ya chuo kikuu haikuwa na habari hiyo. Sisemi kilichoua mashine yangu ni hicho. Ila nilipoanza kusoma sikuweza kuacha, maana nilikuta historia ya watu waliohangaika karibu miaka 20 na swali moja linaloonekana jepesi: mfanyakazi anaondokaje kazini bila kuacha balaa nyuma yake?

Kwa wale ambao, kama mimi, hatukusoma kompyuta, tuanze chini kabisa. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, hiki ndicho kinachofanya kazi hasa. Zamani mashine ilikuwa na moja. Leo hata simu ya mkononi inaweza kuwa na nane. Juu yao yuko msimamizi, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, nayo inaitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayogawa kazi: prosesa namba 2 fanya hesabu hii, namba 3 shughulika na diski. Kerneli ina orodha ya prosesa zilizopo kazini. Vifaa navyo, yaani kibodi, diski, kadi ya mtandao, hupiga hodi kwenye prosesa fulani kila vinapotaka kuhudumiwa.

Sasa fikiria chumba cha habari. Mhariri anatazama orodha ya zamu ukutani: Juma yupo. Anageuka kuchukua karatasi ili amwandikie Juma kazi ya kwenda mahakamani. Katika sekunde hizo mbili za kugeuka, Juma anafuta jina lake ukutani, anachukua mkoba, anatoka kwa mlango wa nyuma. Mhariri anaweka karatasi juu ya meza ya Juma na kuendelea na mambo yake. Hakuna aliyekosea. Mhariri aliangalia, na alipoangalia Juma alikuwepo. Juma aliaga kwa utaratibu. Lakini karatasi iko juu ya meza isiyo na mtu, mahakamani hakuna aliyekwenda, na ukurasa wa tatu unasubiri habari ambayo haitakuja.

Wahandisi wanaliita kosa hili kwa jina la mbio, kama kwamba watu wawili wanakimbizana na matokeo yanategemea nani amefika kwanza. Mimi kwa Kiswahili napendelea kuliita kosa la kupishana, kwa sababu ndivyo lilivyo: kuangalia na kutenda vimepishana mlangoni. Ubaya wake ni kwamba halitokei kila siku. Mara elfu kumi Juma atatoka mhariri akiwa hayuko karibu na orodha. Mara moja tu watapishana. Ukija kuchunguza, ukirudia kila kitu hatua kwa hatua na polepole, utakuta kila kitu kinafanya kazi vizuri.

Usidhani haya ni mambo ya kioo cheusi na mwandishi mzembe peke yake. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Canada, iliwapiga wagonjwa sita mionzi mingi kupita kiasi huko Marekani na Canada. Ajali mbili kati ya hizo zilitokea Tyler, Texas, Machi na Aprili 1986, na wagonjwa wote wawili walifariki. Chanzo cha ajali hizo za Tyler kilikuwa kupishana. Mwendeshaji aliandika aina ya mionzi kimakosa, akarudi haraka kusahihisha. Wakati huo huo sehemu nyingine ya programu ilikuwa inapanga sumaku, kazi ya kama sekunde 8, na ikawa haioni yale masahihisho. Aliyekuwa mzito wa kuchapa hakupata tatizo. Aliyezoea kazi, mwenye vidole vyepesi, ndiye aliyeiamsha hitilafu.

Agosti 14, 2003 ikaja zamu ya umeme. Programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, iliganda saa 8 na dakika 14 mchana. Waongozaji hawakujua kwamba kengele zao zimekufa. Nyaya zikaendelea kukatika moja baada ya nyingine, wao wakitazama vioo vilivyotulia. Kufikia saa 10 na dakika chache jioni umeme ulianza kuporomoka kaskazini mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Canada. Watu wapatao milioni 50 walikosa umeme. Uchunguzi wa wiki kadhaa ulikuja kugundua kwamba sehemu mbili za programu zilikuwa zimepishana zikigombea kuandika mahali pamoja. Kwa lugha ya magazetini hiyo ni "hitilafu ya kompyuta" tu. Na mimi nimeshaandika maneno hayo hayo mara ngapi, nikafunga habari, nikaenda kula!

Haya, turudi kwenye kerneli.

Linus Torvalds alipotangaza kazi yake mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, mashine yake ilikuwa na prosesa moja. Kupishana kulikuwepo hata hapo, lakini kwa uchache. Linux 2.0, iliyotoka Juni 1996, ndiyo iliyoleta uwezo wa kuendesha prosesa zaidi ya moja, na ililinda kerneli kwa njia ambayo babu yangu angeielewa: ufunguo mmoja mkubwa wa nyumba nzima. Prosesa yenye ufunguo inaingia ndani ya kerneli, nyingine zinasubiri barazani. Salama, lakini mashine yenye prosesa 8 inageuka foleni ya watu 8 wenye choo kimoja. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuuvunja ufunguo huo na kutengeneza makufuli madogo madogo, kila chumba na lake. Ufunguo mkubwa wenyewe uliondolewa kabisa mwaka 2011.

Katikati ya kazi hiyo likaja ombi jipya. Wenye mashine kubwa, hasa zile za IBM zinazogawanywa vipande vipande na kutumiwa na wateja tofauti, walitaka kuhamisha prosesa kutoka kipande kimoja kwenda kingine bila kuzima mashine. Wengine walitaka kuiondoa prosesa inayoanza kuharibika kabla haijaangusha kila kitu. Baadaye kidogo kompyuta za mkononi zikaanza kuja na prosesa mbili, na njia rahisi ya kuilaza mashine ikawa kubakiza prosesa moja tu na kuzitoa kazini nyingine zote.

Kuongeza prosesa si shida sana. Mgeni anaingia, anasalimia, anaandikwa kwenye orodha, anapewa kazi. Akichelewa kuandikwa, hasara ni kwamba amekaa bure kidogo. Lakini anayeondoka ana vitu mkononi. Ana kazi zinazomsubiri. Ana saa za kengele alizozitega. Ana akiba yake ya kumbukumbu ambayo wengine hawaigusi. Kuna vifaa vinavyojua mlango wake tu. Na kuna kila mstari wa kerneli, wenye umri wa miaka mingi, uliowahi kuandikwa na mtu aliyeamini kwamba prosesa iliyokuwepo dakika moja iliyopita bado ipo.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Rusty Russell, Mwaustralia, yule yule aliyeandika ukuta wa kulinda mtandao wa Linux. Kazi iliingia kwenye kerneli rasmi mwaka 2004. Waraka unaoieleza ulikuja na majina ya waliobeba kila aina ya mashine: Rusty Russell na Srivatsa Vaddagiri kwenye kiini chenyewe, Nathan Lynch na Joel Schopp kwa mashine za Power, Ashok Raj kwa baadhi ya zile za Intel, Heiko Carstens kwa mashine kubwa za IBM. Na kwa zile kompyuta za kawaida za wakati huo, za familia ya 386, jina lililoandikwa ni Zwane Mwaikambo. Mwaikambo! Ukiwa umewahi kuishi Mbeya, macho lazima yasimame hapo. Jina la ukoo si hati ya kuzaliwa, kwa hiyo sitalifanyia siasa. Nasema tu kwamba nililisoma mara tatu, nikampigia simu mjomba wangu wa Tukuyu saa nne usiku.

Dawa ya kwanza ya Russell ilikuwa ya kibabe: simamisha kila mtu. Prosesa inapotaka kutoka, zote zilizobaki zinaacha kazi, zinafunga masikio zisisikie hodi, zinasimama mahali pamoja zikikanyaga chini bila kwenda popote. Wakati wote wamesimama, anayeondoka anafutwa kwenye orodha. Kisha wote wanaendelea. Katika chumba cha habari ni sawa na mhariri mkuu kupiga kelele "Wote simameni kama mlivyo!" wakati Juma anatoka. Hakuna anayeweza kuwa katikati ya kuangalia na kutenda, kwa sababu kwanza lazima amalize alichoshika ndipo asimame.

Ila kuna shimo hapo. Dawa hii inamkinga anayeangalia na kutenda kwa pumzi moja. Haimkingi anayeangalia orodha, akasinzia kidogo akisubiri diski, halafu akaamka na kutenda. Mtu wa namna hiyo amesimamishwa akiwa usingizini. Akiamka, Juma hayupo. Na kerneli imejaa watu wa kusinzia.

Kwa ajili yao kukawekwa kufuli: ukitaka kusoma orodha ya prosesa na utasinzia katikati, shika kufuli kwanza, na hakuna prosesa itakayoondoka mpaka uliachie. Rahisi kama hivyo. Mwaka 2006 urahisi ule ukageuka msiba. Sehemu ya kerneli inayopandisha na kushusha kasi ya prosesa ilikuwa inashika kufuli, halafu inaita sehemu nyingine, ambayo nayo inataka kufuli lile lile. Mtu anajisubiri mwenyewe mlangoni, funguo zikiwa mfukoni mwake! Ikabidi kuwekwe kiraka cha kumtambua anayeshika kufuli mara ya pili, na kerneli ikawa inachapa onyo lenye maana kwamba imegundua akili ya uvuguvugu katika matumizi ya kufuli la prosesa. Sijui kama mhariri wangu angeruhusu lugha hiyo gazetini, lakini naona walioiandika walikuwa wamechoka.

Mkwamo mwingine ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulihusisha watu wawili, kila mmoja akiwa na haki. Rudi chumbani kwetu. Mhariri ameshika daftari la zamu, anasema sikuachii mpaka unikabidhi habari yako. Juma anasema habari siwezi kuimaliza mpaka nisaini kwenye daftari. Wanatazamana. Kesho asubuhi bado wanatazamana. Ndani ya kerneli, anayesimamia kutoka kwa prosesa alikuwa ameshika kufuli akingoja kazi zote zilizopangwa kwenye prosesa ile zimalizike, na moja ya kazi zile ilikuwa inangoja kufuli. Mashine haianguki wala haitoi kelele. Inanyamaza tu. Kioo cheusi, feni inazunguka.

Mwaka 2007 lilitolewa wazo la kugandisha programu zote kabla ya kutoa prosesa, kama inavyofanyika mashine inapolala. Halikupita. Januari 2008 kiraka cha Gautham Shenoy, aliyekuwa IBM nchini India, kikaingia, na kilibadilisha swali lenyewe. Badala ya kufuli linaloshikwa na mmoja, kukawa na hesabu ya wasomaji. Unayetaka kutazama orodha unajiongeza kwenye hesabu, hata mkiwa kumi kwa pamoja. Ukimaliza unajipunguza. Prosesa inayotaka kutoka inasubiri hesabu ifike sifuri. Na msomaji akirudia mara mbili kwa bahati mbaya, hajikwamishi, anahesabiwa mara mbili tu. Ni mabadiliko ya kistaarabu kweli. Yalidumu karibu miaka kumi.

Ndani ya miaka hiyo kumi dunia ikabadilika chini ya miguu yao. Kutoa prosesa kulibuniwa kama kustaafu, jambo la mara chache lenye hotuba na soda. Zikaja simu na tableti zenye prosesa nne, kama Nexus 7 ya mwaka 2012, na watengenezaji wakaanza kuzima na kuwasha prosesa kila mara ili kutunza betri. Mfanyakazi anastaafu na kuajiriwa upya mchana kutwa. Kila anapotoka, wote wanasimamishwa. Srivatsa Bhat, naye wa India, aliandika mlolongo mrefu wa viraka kati ya 2012 na 2013 ili prosesa iondoke bila kusimamisha wengine. Nimevipitia kwa macho ya mlei na nimeona kazi iliyomo. Viraka vile havikuingia. Mpaka leo kerneli bado inawasimamisha wote kwa kitambo kile kifupi. Katika historia zetu tunapenda kuwaandika walioshinda, lakini huyu bwana nimemkumbuka zaidi.

Aliyefumua mambo kuanzia msingi ni Mjerumani Thomas Gleixner. Alitazama namna sehemu mbalimbali za kerneli zilivyokuwa zinaarifiwa kwamba prosesa inaondoka. Ilikuwa kama tarumbeta la kijiji: anayeondoka anapiga, kila aliyejiandikisha anasikia na kufanya lake, kwa mpangilio wa namba za kipaumbele ambazo kila mmoja alijichagulia. Wakati wa kuingia, waliitwa kwa mpangilio huo. Wakati wa kutoka pia waliitwa kwa mpangilio ule ule. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Asubuhi unavaa soksi kisha viatu. Jioni huwezi kuanza kuvua soksi!

Gleixner alianza kuonyesha kazi yake mwaka 2013, na kiini chake kikaingia mwaka 2016 katika Linux 4.6. Tarumbeta likaondolewa, zikawekwa ngazi zenye namba. Prosesa inapoingia inapanda ngazi moja moja: kwanza zile za maandalizi, zinazofanywa na mwenzake kabla yeye hajaamka, kisha zile anazozifanya mwenyewe akiwa amefunga masikio, ambazo haziruhusiwi kushindwa, mwisho zile za kawaida akiwa ameshaanza kazi. Akitoka anashuka ngazi zile zile, kwa kurudi nyuma. Ngazi ya maandalizi ikigoma, anarudishwa salama alikotoka. Anayeandika sehemu mpya ya kerneli anataja ngazi yake na kusema nikipanda nafanya hili, nikishuka nafanya hili. Ilibidi yeye na wenzake wapite kwenye kerneli yote wakibadilisha kila aliyekuwa akisikiliza tarumbeta, na kufikia Linux 4.10, mwanzoni mwa 2017, hakubaki hata mmoja.

Mwaka huo huo, katika Linux 4.13, akaigusa ile hesabu ya wasomaji. Sasa kila prosesa inahesabu wasomaji wake yenyewe, zisigombee kitabu kimoja. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kufuli hili jipya linaonekana na mkaguzi. Tangu 2006 kerneli ina chombo alichokitengeneza Ingo Molnár, kinachotazama nani ameshika kufuli gani kabla ya lipi, na kupiga kelele kikiona njia inayoweza kuleta mkwamo hata kama mkwamo wenyewe haujatokea. Ile hesabu ya 2008, kwa upole wake wa kusamehe wanaorudia, ilikuwa imewaficha wengi wasionekane na mkaguzi huyo. Ilipobadilishwa, mikwamo iliyolala miaka ikaanza kujitokeza, nao wakawa wanaiziba mmoja mmoja.

Nimependa sana jambo moja dogo ambalo nimelikuta kwenye kerneli ya mashine za Intel na AMD. Prosesa inapoondoka, vifaa vilivyokuwa vikimpigia hodi vinaelekezwa mlango mwingine. Lakini je, hodi iliyokuwa njiani tayari? Kifaa kimeshagonga, sauti haijafika. Dawa yake ni ya kibinadamu kabisa: subiri milisekunde 1 mlangoni. Kisha tazama ndani kama kuna hodi iliyoingia bila kujibiwa. Ikiwepo, ipeleke kwa mwenzako aliyebaki. Miaka yote ile ya makufuli na ngazi, na bado mahali fulani pana mtu anayesimama kidogo kizingitini kusikiliza kabla hajaenda.

Waliodhani kazi ya kuzima prosesa ni ya mashine kubwa na betri za simu walipata jibu Agosti 14, 2018. Ndiyo, tarehe ile ile ya kukatika umeme, miaka 15 baadaye. Siku hiyo ulitangazwa udhaifu wa prosesa za Intel unaoitwa L1TF, ambao unaweza kuruhusu programu kuchungulia siri za jirani yake. Katika prosesa hizo kiini kimoja hujigawa kuwa pacha wawili, na katika mazingira mengine kinga kamili ilihitaji kumzima pacha mmoja. Kuzima tena! Na hata hapo kulikuwa na mtego. Chuma kikigundua kosa kubwa, hutangaza kwa prosesa zote, na ambayo haijawahi kuandaliwa kupokea tangazo hilo husababisha mashine nzima kujizima. Kwa hiyo huwezi kumwacha pacha bila kumwasha kamwe. Ni lazima aamshwe mara moja, aandikishwe, ndipo alazwe.

Prosesa namba 0, ile inayoamka ya kwanza mashine ikiwashwa, ina kisa chake. Kwa miaka mingi kwenye mashine za Intel haikuruhusiwa kutoka. Baadaye ikawekwa njia ya kujaribu kuitoa, na mwaka 2023, katika Linux 6.5, njia hiyo ikafutwa. Mwenye nyumba amebaki ndani.

Juzi usiku nilifanya jaribio. Linux inakuruhusu kuzima prosesa kwa kuandika 0 kwenye faili moja dogo, na kuiwasha kwa kuandika 1. Niliandika programu ya mistari sita, inazima prosesa namba 1, 2 na 3, inaziwasha, inapumzika sekunde mbili, inaanza upya. Nikafungua ukurasa mtupu juu ya kioo, nikaandika jina la yule mama, sikuhifadhi kwa makusudi, nikalala.

Asubuhi nilikuta mashine ya moto kama chapati. Kumbukumbu za kerneli zilikuwa zimejaa mstari huo huo, kutoka, kuingia, kutoka, kuingia, usiku kucha. Kioo kilikuwa kinawaka na jina lilikuwa palepale nilipoliacha.

Jumamosi narudi Morogoro. Mama amekubali nije, ila amesema nije na daftari.